Bibi Yake Kazaliwa Wete, Halafu Unamwambia Si Wetu?

Kikosi cha timu ya taifa kikitangazwa tu, hesabu dakika tano. Komenti ya kwanza: "Huyu naye katokea wapi?" Ya pili: "Kashindwa Ulaya ndo kakumbuka kwao." Ya tatu ina emoji za kucheka: "Mwambieni aimbe wimbo wa taifa kwanza." Ikifika jioni kijana wa watu, hata mpira hajaugusa, keshafanyishwa mtihani wa Kiswahili, wa historia na wa uzalendo, na wanaosahihisha ni watu wasiomjua baba yake wala mama yake.

Yupo beki mmoja wa Taifa Stars ambaye wadau wa soka hawahitaji kutajiwa jina. Kazaliwa Portsmouth, Uingereza. Kapita timu ya vijana ya England ya chini ya miaka 17. Baadaye akachagua jezi ya Tanzania, na kanuni zinamruhusu. Wachezaji wa aina yake wameongezeka miaka ya karibuni, na wote wanaishi kwenye mzani mmoja: timu ikishinda ni "vijana wetu", wakikosea pasi moja ni "wale wa kuja".

Maneno hayo yapo kila nchi, hilo halishangazi. Kinachoshangaza ni kuyasikia hata Pemba. Kama kuna watu ambao hawakupaswa kumuuliza mwenzao "kwani wewe wa wapi?", ni watu wa kisiwa ambacho ukigonga nyumba mbili tatu lazima ukute kuna mtoto Muscat, shangazi Mombasa, mjomba Kariakoo au binamu London.

MLANGO ULIOFUNGWA BAADA YA MIEZI MINNE

Rudi nyuma Januari 2025. Kombe la Mapinduzi likapelekwa Pemba, uwanja wa Gombani, Chake Chake, na safari ile zilicheza timu za taifa badala ya klabu. Zanzibar Heroes ikaifunga Kilimanjaro Stars ya Bara 1-0. Kwenye fainali ikaipiga Burkina Faso 2-1, kombe likabaki nyumbani. Aliyekuwa Gombani siku ile hahitaji kusimuliwa.

Lakini asubuhi yake kanuni zilikuwa pale pale. Zanzibar Heroes inaruhusiwa kucheza CECAFA. Ilibeba Kombe la Challenge 1995, na 2017 ikafika fainali kule Machakos, ikatoka sare 2-2 na Kenya na kupoteza kwa penalti. Kufuzu AFCON? Hakuna. Kufuzu Kombe la Dunia? Hakuna. Mchezaji aliyeifunga Bara pale Gombani, akitaka kucheza AFCON, njia yake ni moja tu: aitwe na timu ya nchi nzima.

Na uchungu wake si wa kuhadithiwa. Machi 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Simu zikapigwa, honi zikapigwa, watu wakaanza kupanga mechi za ugenini kichwani. Julai mwaka ule ule uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne, basi. Hakuna aliyesema Wazanzibari hawajui mpira. Waliambiwa tu kwamba hawastahiki.

Sasa inakuwaje mtu aliyewahi kufungiwa mlango namna hiyo, akipewa nafasi ya kukaa mlangoni yeye, anakuwa mkali kuliko bawabu aliyemkatalia?

RAGA WANA HESABU NYINGINE

Tatizo ni kwamba soka imewazoesha watu kudhani asili na paspoti ni kitu kimoja. Ukitaka kuona kwamba ni vitu viwili, toka kwenye soka kidogo, nenda kwenye raga.

Pemba raga ni kitu cha kwenye TV, hilo halina ubishi. Ila jirani tu hapo, Kenya, ni mchezo wenye wenyewe. Aprili 2016 timu yao ya wachezaji saba, Shujaa, iliichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, na Fiji ni watu wanaozaliwa na mpira wa raga mkononi. Kwa hiyo kanuni zake si za mbali kama zinavyoonekana.

Shirikisho la raga duniani, World Rugby, lina kanuni inayoitwa Kanuni ya 8. Inauliza maswali machache sana. Umezaliwa nchi hiyo? Kama hapana, baba au mama yako kazaliwa huko? Kama hapana, babu au bibi yako mmoja kazaliwa huko? Ukijibu ndiyo kwenye moja tu, unastahiki. Ukijibu hapana kote, basi uwe umetimiza huko miezi 60 mfululizo, yaani miaka mitano, au ufikishe jumla ya miaka kumi ya kuishi.

Umeona neno paspoti hapo? Halipo. Raga haikuulizi rangi ya kitabu chako cha kusafiria. Inataka kujua damu yako imetoka wapi au maisha yako yako wapi. Kwenye Olimpiki tu ndiko uraia unadaiwa, kwa sababu Olimpiki ina masharti yake.

Kwa hesabu hiyo, kijana aliyezaliwa Muscat, mama yake kazaliwa Muscat, lakini bibi yake kazaliwa Wete, anastahiki kuichezea Tanzania raga bila kubadilisha karatasi hata moja. Bibi wa Wete anatosha.

SOKA SASA

FIFA nao wana habari za bibi na babu, watu wengi hawajui tu. Ila bibi anakuja baada ya paspoti. Kwanza uwe na uraia wa nchi unayotaka kuichezea. Halafu, kama uraia huo umeupata ukubwani, ndo unaulizwa: umezaliwa huko, mzazi wako kazaliwa huko, au babu na bibi? Kama hakuna hata kimoja, uonyeshe umeishi huko miaka isiyopungua mitano.

Na kubadilisha timu kunaruhusiwa, kwa masharti. Mchezaji aliyepita timu za vijana za nchi moja anaweza kuhamia nyingine, mradi alikuwa na uraia wa hiyo nyingine tangu wakati ule. Tangu 2020 hata aliyewahi kuchezea timu ya wakubwa anaweza kuhama, mradi mechi zake hazizidi tatu, zote kazicheza kabla hajafikisha miaka 21, imepita miaka mitatu, na hakucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara lake. Kwa hiyo ukimwona mtu aliyevaa England akiwa mtoto leo kavaa Tanzania, hajafanya ujanja. Kapita kwenye mlango uliowekwa kwa ajili yake.

Kwa Mtanzania sasa njoo kwenye pagumu. Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto anaweza kuwa nao mpaka miaka 18, baada ya hapo achague. Fikiria kijana wa miaka 18 kwenye akademi ya klabu ya Uingereza. Mkataba wa kwanza wa kulipwa ndo unaandaliwa. Akishika paspoti ya Tanzania peke yake, anahitaji kibali cha kazi kwenye nchi aliyozaliwa. Akishika ya Uingereza peke yake, Taifa Stars imemtoka. Na anatakiwa aamue kwenye umri ambao wenzake wa hapa bado wanauliza wasome nini.

Na sheria hiyo hiyo ina kona nyingine. Mtoto aliyezaliwa nje anapata uraia kupitia mzazi, lakini mzazi huyo naye asiwe raia wa kurithi tu. Yaani uraia unavuka bahari kizazi kimoja, cha pili unazama. Bibi kazaliwa Wete, mama kazaliwa Muscat, mtoto kazaliwa Muscat: huyo mtoto kwa soka ya Tanzania hayupo. Kwa raga yupo. Bibi ni yule yule.

Wapo watakaosema mbona siku hizi kuna hadhi maalumu kwa watu wa diaspora wenye asili ya Tanzania. Ni jambo jema, inamrahisishia mtu kuingia, kukaa na kumiliki ardhi. Ila si uraia. Huwezi kwenda FIFA na hadhi maalumu. Kama ambavyo Mzanzibari mkaazi hawezi kwenda FIFA na kitambulisho chake cha Zanzibar akaomba kuichezea Zanzibar.

Sasa weka hilo kando ya jambo jingine la Januari ile ile ya 2025. Siku chache baada ya fainali ya Gombani, Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa kigeni wa klabu moja ya Ligi Kuu Bara wamepewa uraia wa Tanzania. Mitandao ikawaka moto. Kwa kanuni za FIFA uraia huo peke yake hauwavalishi jezi ya Taifa Stars, kwa sababu hawana mzazi wala bibi hapa, lazima kwanza watimize miaka yao ya kuishi. Na wao hawana kosa, waliomba wakapewa. Lakini mtu wa Wete aliyepo Muscat akisoma habari ile lazima ajiulize: mgeni anaweza kuingia ndani, mjukuu wa nyumba anabaki barazani?

WAPEMBA WALIOKUWA HAWAPO

Kama unadhani habari ya paspoti ni ya watoto wa kishua wa Ulaya tu, vuka upande wa pili. Vanga, Shimoni, Mayungu, pwani ya Kenya. Huko wapo Wapemba ambao wazee wao walifuata samaki tangu enzi za mkoloni, na wengine waliondoka kisiwani baada ya 1964. Wakaoa, wakazaa, wakazika huko. Watoto wakasoma shule za Kenya na wakacheza mpira na watoto wa Kenya. Lakini kwenye vitabu vya serikali hawakuwepo. Hawakuwa na kitambulisho cha Kenya, na Tanzania nayo haikuwa na kumbukumbu zao. Ni mpaka 2023 ndipo Kenya ilipowatambua rasmi kama moja ya jamii zake na vitambulisho vikaanza kutolewa.

Hebu jiulize: miaka yote ile, kijana wa Kipemba pale Shimoni mwenye kasi ya ajabu, mwenye kifua, mwenye kipaji, angecheza timu ya taifa gani? Kwa karatasi, hakuna. Si Kenya wala Tanzania. Mechi ya ugenini angeisikiliza redioni, maana hata paspoti ya kupandia ndege asingepewa.

Kwa kanuni ya raga, kijana yule alikuwa na nchi mbili tangu siku ya kwanza. Kazaliwa Kenya, Kenya ni yake. Bibi yake kazaliwa Pemba, Tanzania ni yake. Angezuiwa na ofisi ya paspoti, lakini asingeambiwa na mchezo wenyewe kwamba hana kwao. Hilo ndilo linalofanya kanuni ya raga iwe na ubinadamu zaidi: inatambua mtu kabla ya serikali kumtambua.

VISIWA VIDOGO VYENYE AKILI

Wapo watu wa kisiwani wengine duniani wenye hadithi kama ya Pemba. Tonga. Wako kama laki moja tu. Pemba peke yake, kwa sensa ya 2022, ina zaidi ya laki tano. Watonga nao wametawanyika, New Zealand, Australia, Marekani, na wamezaa huko. Kwenye Kombe la Dunia la raga la 2011 waliifunga Ufaransa 19-14, na Ufaransa hiyo hiyo ikaenda mpaka fainali.

Kwa miaka mingi Tonga ililizwa na kanuni. Kijana wake akiitwa na New Zealand akacheza mechi moja tu, ndo basi, kafungwa huko maisha. New Zealand ikimchoka, anakaa nyumbani anaangalia Tonga ikipigwa. Kuanzia Januari 2022 World Rugby ikalegeza: mchezaji aliyekaa miaka mitatu bila mechi ya kimataifa anaweza kuhama mara moja tu kwenda nchi aliyozaliwa yeye, mzazi au babu na bibi yake. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 Tonga ikaja na mastaa waliowahi kuvaa jezi nyeusi ya New Zealand na ya njano ya Australia. Walikuwa na lafudhi za huko walikokulia, na hakuna aliyewazuia kupiga ngoma yao ya vita kabla ya mechi.

Hapo utasikia mtu anasema Tonga ni nchi, Pemba si nchi. Sawa. Lakini England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana paspoti moja, na soka imewaruhusu timu nne, wanagawana wachezaji kwa kuangalia wapi mtu kazaliwa, wazazi wake na bibi zake ni wa wapi. Kwenye raga ndo kabisa, Ireland nzima inacheza timu moja wakati kisiwa kina serikali mbili. Kwa hiyo michezo ikitaka kutafuta njia inaipata. Mzanzibari anayedai Zanzibar icheze kimataifa anadai kwa hoja hiyo hiyo: asili yetu inatosha, msituulize paspoti. Hoja nzuri. Basi na itumike pia kwa yule mjukuu wa Muscat.

"SASA SI TUTAJAZA MAMLUKI?"

Hii ndiyo hoja nzito ya upande wa pili, na haifai kudharauliwa. Mlango ukiwa wazi sana, wajanja watapita. Raga wenyewe yaliwakuta. Mwaka 2000 iligundulika kwamba wachezaji wawili waliokuwa wakiichezea Wales kwa tiketi ya babu na bibi hawakuwa na babu wala bibi wa Wales. Aibu ile Waingereza waliipa jina la bibi mpaka leo. Kwenye kufuzu Kombe la Dunia la 2019, Romania, Hispania na Ubelgiji zilikatwa pointi kwa kutumia wachezaji wasiostahiki. Mwaka 2022 Hispania ikarudia: ilikuwa tayari imefuzu Kombe la Dunia la 2023, ikagundulika mchezaji wake mmoja mzaliwa wa Afrika Kusini hakutimiza muda wa kuishi na nakala ya paspoti yake ilichezewa. Pointi zikakatwa, safari ikafa, Romania ikachukua nafasi. Kikosi kizima kililipia karatasi ya mtu mmoja.

Kulikuwa pia na nchi tajiri zilizokuwa zinavuna vijana wa nje, wanawaweka miaka mitatu, wanawavalisha jezi. Ndiyo maana raga ikapandisha kutoka miaka mitatu kwenda mitano. Kwa hiyo kanuni ya asili si shamba la bibi. Ina meno, na inadai ushahidi.

Na ushahidi ndipo Pemba itakapokwama. Bibi kazaliwa nyumbani, mkunga wa mtaa, cheti cha kuzaliwa hakuna. Jina kwenye kitambulisho limeandikwa namna moja, kwenye cheti cha ndoa namna nyingine, mwaka wa kuzaliwa ni "ule mwaka wa karafuu nyingi". Familia yenye kijana anayecheza mpira huko nje ifanye jambo moja wakati bibi yuko hai: iende Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, iulize namna ya kuweka karatasi sawa. Kusubiri kocha apige simu ndo uanze kutafuta cheti ni kuchelewa.

NA YULE WA KONDE JE?

Ipo hoja ya pili, na hii ndiyo inayouma zaidi. Kuna kijana Konde, Micheweni, anacheza kwenye mchanga. Viatu kaazimwa. Akitaka kuonekana na kocha wa maana apande gari mpaka Mkoani, apande boti mpaka Unguja, na akifika Unguja bado hajafika Dar. Miaka yote kavumilia. Halafu anatokea mtoto wa akademi ya Ulaya, kala vizuri, kafundishwa vizuri, anashuka na ndege na kuchukua namba. Haki iko wapi?

Jibu la kweli ni kwamba huyo wa Konde kaonewa, ila aliyemwonea si yule wa akademi. Nafasi yake iliibiwa mapema zaidi, pale ambapo hakuna msaka vipaji aliyepanda boti kumfuata. Ukimfukuza mjukuu wa Muscat leo, kijana wa Konde hapati kiatu wala haonekani zaidi. Atachukua namba mwingine wa mjini. Wanaomtumia kijana wa Konde kama fimbo ya kumpigia mwenzake wa diaspora, wengi wao hawajawahi kumtetea siku nyingine yoyote.

Tena kustahiki na kuchaguliwa ni mambo mawili. Kanuni inasema nani anaruhusiwa kugonga mlango. Kocha ndiye anayesema nani anaingia. Mtoto wa nje aliye mbovu aachwe kama anavyoachwa wa Mbagala aliye mbovu. Ila aachwe kwa sababu ya mguu wake. Lafudhi haichezi namba yoyote uwanjani. Wangekuwa wanaangalia lafudhi, nusu ya wachezaji wa timu kubwa za Ulaya wangerudishwa nyumbani.

VILEMBA VYA SIKU HIZI

Wahenga walisema Wapemba hujuana kwa vilemba. Yaani mwenyewe anamjua mwenyewe, hahitaji kuonyeshwa. Sasa swali ni kilemba cha leo ni kipi. Ni paspoti? Hiyo wengine waliikosa wakiwa Shimoni, umbali wa jahazi tu kutoka kisiwani. Ni Kiswahili? Watoto wangapi wa Wapemba wamelelewa Dubai au Uingereza na wazazi waliokuwa kazini usiku na mchana? Wakija likizo Wete wanaongea kwa mikono, na bibi anawaelewa vizuri tu, anawawekea sahani, hawaulizi wimbo wa taifa.

Jamii hii ndiyo inayowaimbia watoto hao tangu wadogo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kijana kasikia, kaamini, kaikataa nafasi ya kusubiri kwingine, kaja kufuata asili. Anafika anaambiwa asili yake haitoshi. Huo ni ugeugeu. Na vijana wa nje wanaona. Mwenye miaka 16 leo, anayepigiwa hesabu na nchi mbili, anazisoma komenti zile zile kwenye simu yake. Nchi nyingine inamtumia jezi na kocha anampigia mama yake simu. Hii inamtumia emoji za kucheka. Halafu akichagua kule, watu wanasema kauza damu.

Kwa hiyo kazi zipo mbili. Ya kwanza ni ya wakubwa: sheria iache kumlazimisha mtoto wa miaka 18 kukata mguu mmoja, na uraia usizame kizazi cha pili wakati bibi bado yuko hai Wete. Kama uraia pacha unaonekana mzigo mkubwa kwa wote, waanze hata na njia fupi kwa wenye mzazi au bibi aliyezaliwa hapa. TFF na ZFF nao waweke hadharani kwa Kiswahili cha kueleweka nani anastahiki nini na anatakiwa kuleta karatasi zipi, ili mzazi aliyeko Muscat asitegemee tetesi za magrupu ya WhatsApp.

Ya pili haihitaji Bunge wala FIFA. Kikosi kijacho kikitangazwa na jina likakushangaza, uliza kama kanuni inamruhusu, na uliza kama anacheza vizuri kuliko aliyeachwa. Hayo ni maswali halali, tena kayaulize kwa sauti. Lile la "katokea wapi" waachie bibi zake, wao wanajua.

Haya, wadau. Kesho kocha akimwita kijana wa Muscat mwenye bibi wa Wete, anabananga Kiswahili lakini mguu wa kushoto ni wa moto, wewe unampa jezi au unamrudisha airport? Funguka hapo chini, ila matusi kwa mtoto wa mtu weka pembeni.